Kisanduku Kilichokataa Salamu

Jumatano usiku kilinisihi: sasisho jipya lipo.
Nikabonyeza ndiyo, kama mtu anayepokea chai
bila kuuliza imepikwa na nani.
Umeme wa Ruzizi ulikaa, ajabu,
hadi mstari wa kijani ukafika mwisho.
Kisanduku kikazima, kikawaka,
kikatoa mlio mmoja mfupi
kama mtu anayesafisha koo kabla ya habari mbaya.
Kisha kimya.

Asubuhi kompyuta yangu ikapiga hodi.
Hakuna aliyeitika.
Harusi mia mbili na kumi na moja:
za Kadutu, za Bagira, ile ya Walungu iliyopigwa mvua ya mawe,
na ya juzi, ya Panzi, ambayo bibi harusi anaisubiri Jumamosi.
Na dakika nne za Baba akivua kofia kunisalimia,
ambazo sikuwahi kuzinakili mahali pengine
kwa sababu kila Jumapili nilisema Jumapili ijayo.

Nilianza na kebo. Kebo hulaumiwa kwanza,
kama mtoto wa kufikia sukari inapopungua.
Nikaichomoa, nikaipuliza, nikaazima ya jirani.
Taa ya mtandao: kijani, inapepesa.
Diski ya kwanza, kijani. Ya pili, kijani.
Nikaweka sikio juu ya bati:
zilikuwa zinazunguka, ndani kwa ndani,
kama mawe ya kusagia yasiyo na haraka.

Mama akapita na beseni la lengalenga.
"Iko mugonjwa?"
"Hapana. Kinakataa kunijibu."
"Basi umekikosea."

Byamungu wa Nyawera hutengeneza simu
chini ya mwavuli uliopasuka. Hakuinua macho.
"Nyuma kuna tundu. Chomeka sindano, hesabu hadi kumi.
Kitaanza upya kama mtoto mchanga."
"Na vilivyomo?"
"Nimekwambia: kama mtoto mchanga."

Nikapanda mteremko na sindano ya Mama mfukoni,
ikinichoma paja kila baada ya hatua tano.
Nikaichomeka. Moja. Mbili. Tatu.
Kwenye nne nikamkumbuka Cishugi.

Kaka yangu, miaka kumi na moja Liège,
alisimama mlangoni na sanduku la magurudumu.
Mama akamwambia *Asinge*,
naye akatazama viatu vyake.
Mashi ilikuwa imemtoka, au aliifungia nje.
Mama hakumfukuza. Hakumtikisa ili aanze upya.
Alikaa kidogo, akatafuta,
akamsalimu tena kwa Kifaransa chake cha darasa la tatu,
kibovu, kilichokatika katikati,
na mtu yule yule akacheka kwa meno yale yale.

Nikaichomoa sindano.

Kumbe ndivyo. Waliokitengeneza walikifundisha usiku ule
kwamba salamu ya zamani ni mlango wa wezi,
kisiiitikie tena.
Na kompyuta yangu, kongwe, yenye herufi zilizofutika,
haikujua salamu nyingine.
Tena ruta ilikuwa imekipa namba mpya,
nami nilikuwa nikigonga nyumba ya jana.

Saa tatu nzima nikiifundisha kompyuta maneno mapya.
Umeme ukakatika mara moja, nikakaa gizani
nikishika kipanya kama mkono wa mgonjwa.
Uliporudi nikaandika namba, nikaandika neno la siri,
nikangoja.

Folda zikashuka moja moja.
Zote. Hata ya Walungu, na mvua yake.

"Imejibu?" Mama, kutoka jikoni.
"Imejibu."
"Kwa luga gani?"

Sikumjibu. Nilikuwa nimechomeka flashi
na nilikuwa nanakili dakika nne,
asilimia kumi na mbili, asilimia thelathini,
huku bibi harusi wa Panzi akipiga simu kwa mara ya tatu,
nami nikiiacha ilie.